Rweya Nyuma ya Uzio

Mpendwa dada Leokadia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani kwa mwanao Jovitha, hapa Rubwera. Viganja vyangu vimechubuka, mgongo umekataa kunyooka, na Jovitha amenikataza kunyanyua chochote kizito kuliko kalamu. Nimekata nyasi, dada. Najua ungecheka kwanza, kisha ungeuliza ni nyasi gani, ziko wapi, na kwa nini azikate mzee mwenye magoti kama yangu. Nitakujibu yote, lakini unanijua: siwezi kusimulia jambo bila kuanzia mbali. Wanafunzi walinilalamikia kwa hilo miaka yote niliyofundisha, nami sikubadilika.

Tangu tulipokuzika kule kwetu Nyabiyonza, Rubwera imekuwa mji. Kuna ofisi za wilaya na watumishi wake, maduka yamejipanga pande zote za barabara, na bodaboda wanajua jina la kila mtu na mahali anakokwenda hata kabla hajasema. Jovitha ana duka la vitenge, na wateja wanamwogopa kidogo, kama walivyokuogopa wewe. Juu ya mji, kwenye mteremko, imeanzishwa bustani ya mimea ya asili. Ni ya watu wote, na si bustani ya maua ya kumwagilia kwenye makopo. Wamepanda na kutunza humo mimea iliyokuwa katika nchi hii kabla mtu hajaleta mbegu kutoka kwingine, na kila mmoja umewekewa kibao chenye jina la Kiswahili, la Kinyambo na la kitaalamu.

Jovitha alinipeleka Jumapili moja baada ya Misa. Nilikuwa nimejiandaa kupumzika.

"Mjomba," akasema, "umefundisha baiolojia maisha yako yote. Utakufa hujaingia bustani ya mimea?"

"Nikifa nitaingia chini yake kabisa, na nitaiona mizizi."

"Ingia kwanza kwa miguu."

Huyo ni mwanao, hakuna wa kubisha.

Nikuambie ukweli, nilifurahi kama mtoto. Nilisimama kwenye kila kibao. Nilikuta mulamula, ule tunaoupanda mipakani mwa vibanja, ambao hata ndugu wakigombana mpaka wakaacha kusalimiana hakuna anayethubutu kuung'oa. Nilikuta mtoma, ambao wazee walibandua gome lake na kuligonga kwa nyundo ya mti mpaka likalainika likawa nguo. Nilikumbuka kile kipande cha nguo ya gome alichokuwa nacho bibi, ulichojifunika siku moja ukatutisha wote, ukatembea umejikunja na kutudai ugoro kwa sauti yake, hadi bibi mwenyewe akatokea nyuma yako na kusema, "Basi nenda ukapike, bibi, wajukuu wana njaa."

Kwenye mti wa kahawa nilichelewa. Kulikuwa na wageni wawili, mume na mke, waliokuwa wakiambiana kwamba hapo wamekosea, kwa kuwa kahawa ililetwa na wazungu. Sikuweza kupita. Niliwaeleza kwamba kahawa ya robusta ni ya huku kwetu kwa asili, kwamba babu zetu waliichemsha ikiwa na maganda yake, wakaikausha na kumpa mgeni aitafune kabla hajaulizwa habari za safari, na kwamba kahawa iliyoletwa ni ile nyingine. Nikaendelea mpaka kwenye urafiki wa damu na jinsi buni ilivyotumika humo. Jovitha akanivuta mkono.

"Mjomba, wageni wanataka kwenda."

"Wamekuambia?"

"Yule mama amefunga mkoba mara ya pili."

Ndivyo tulivyofika mwisho wa njia, upande wa chini, na hapo furaha yangu ikakatika.

Kulikuwa na uzio wa seng'enge, na ndani yake uwanja wa nyasi unaotosha nyumba kubwa na ua wake. Kibao kilisema: Rweya ya asili. Usikanyage. Usikate. Lakini ndani ya ule uzio, dada, sikuona rweya. Niliona nyasi za kijivu zimelaliana tabaka juu ya tabaka, kama nywele za mgonjwa ambaye hajachanwa siku nyingi. Vichaka vilikuwa vimechomoza katikati. Nilipoingiza fimbo yangu kati ya nyaya na kufunua, chini yake kulikuwa na giza na unyevu, na mashina mengi yamekauka hadi kwenye udongo.

Msimamizi wa bustani ni binti aitwaye Adventina, amesomea misitu. Alitufuata kwa adabu, akaniamkia, akaniuliza kama nimependa.

"Nimependa yote isipokuwa hii," nikamwambia. "Hii inaumwa."

"Tunajua, mwalimu. Itaondolewa. Kamati imeamua tupande pasipalamu hapa, ile nyasi fupi ya kwenye viwanja vya hoteli, ili watu wa harusi wapate pa kupigia picha."

"Lini?"

"Mvua zikianza vizuri."

Nilishika waya wa uzio, nikabaki nimeushika. Jovitha akaniangalia. Alidhani jua limenizidi.

Kwa atakayeisoma barua hii na hajawahi kukaa kwetu, nieleze. Nyumbani ni kibanja, yaani migomba na kahawa na maharage chini yake, vyote vimefungana kiasi kwamba jua huingia kwa kuomba. Ukitoka kibanjani unaingia rweya, nchi wazi ya nyasi kati ya kijiji na kijiji, na ghafla unaiona mbingu yote. Huko ng'ombe walilishwa, huko nyasi za kuezekea zilikatwa, na huko ndiko ulikonipeleka mara ya kwanza nikiwa mkubwa mno kubebwa na mdogo mno kuachwa. Mama alikuwa na mtoto mchanga. Ulikuwa na mundu, na mimi nilikuwa na kazi moja tu, kutokupotea.

Ulinionyesha nyasi moja moja. Hii ni omutete, inanukia kama ndimu, ng'ombe hawaitaki. Hii ni ya kuezekea. Na hii, laini, nyembamba, inayolala ukiipapasa kama manyoya ya paka, ni eyojwa, ya kutandika ndani ya nyumba. Nikashika fungu la eyojwa kwa mikono yote miwili nikavuta kwa nguvu zangu zote, likang'oka na mizizi na udongo, nikaanguka chali. Ukaja ukasimama juu yangu.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nakata."

"Umeng'oa. Nyasi zinanyolewa. Mtu ukimnyoa nywele zinaota. Ukimng'oa kichwa, utamnyoa wapi tena?"

Kisha ukapiga magoti na kunionyesha. Mkono wa kushoto unashika konzi, mundu unapita chini ya ngumi, na unaacha kisiki cha urefu wa kiganja. Na kabla ya kufunga mzigo ulikuwa unaushika kwa miguu yake na kuutikisa kichwa chini, kwa bidii, mpaka mbegu za mwisho zianguke. Nilipouliza kwa nini unapoteza muda, ulisema, "Za kwao zibaki kwao." Miaka mingi baadaye nilikaa darasani nikasikia mhadhiri akieleza jinsi nyika inavyojirudisha, jinsi shina la nyasi linavyoficha chipukizi lake chini karibu na udongo ambako mundu na meno ya ng'ombe hayafiki, na jinsi majani makuukuu yasipoondolewa yanavyolinyima jua hilo chipukizi mpaka linakufa. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mimi nilikuwa nakuona wewe umepiga magoti.

Na kila kitu cha maana nyumbani kwetu kilipita juu ya zile nyasi. Mzazi alilazwa juu yake na kichanga chake. Bibi harusi alikaribishwa juu yake. Siku ya Noeli mlibeba mizigo mpaka kigangoni, mkatandika kanisa zima, na katekista akawa anapiga chafya katikati ya sala, nanyi wasichana mkaziba midomo kwa vitenge. Na msiba ulipoingia, viti vilitolewa nje, na watu wakakaa na kulala juu ya hizo hizo.

Nakumbuka alipofariki baba. Nyumba ilikuwa imejaa vilio, na wewe hukuwepo. Ulirudi asubuhi jua limeshapanda, una mzigo kichwani unaokufunika uso. Shangazi alikukemea mlangoni mbele ya watu wote.

"Leokadia, baba yako amelala ndani na wewe unakata nyasi badala ya kulia?"

Ukashusha mzigo. "Nitalia nikishatandika, shangazi. Watu watakaa wapi?"

Ukatandika kuanzia ukuta wa nyuma, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili usiikanyage kazi yako. Ukasawazisha kwa viganja. Ukatoka kunawa, ukarudi, ukakaa karibu na miguu ya baba, ndipo ukalia. Nilijifunza siku ile kitu ambacho sikukisoma popote, kwamba uchungu unaweza kungoja kidogo ukiwa na kazi ya kufanya.

Rweya yetu ya Nyabiyonza haipo tena. Imepandwa mikaratusi kutoka juu hadi chini. Simlaumu mtu, watu wanahitaji kuni na nguzo, na sakafu ni za saruji, hakuna anayetandika. Lakini chini ya mikaratusi haioti eyojwa wala omutete, na hata ndege waliokuwa wakitaga chini kwenye nyasi wamehama. Nilikuwa nimeshazoea kwamba imekwisha. Kisha nikaikuta nyuma ya uzio, bado ina pumzi, na nikaambiwa itang'olewa mvua zikianza. Unaelewa sasa kwa nini niliushika ule waya. Ile ikiondoka, watoto wa Jovitha wataijua rweya kwa kusimuliwa, na wewe unajua masimulizi yangu yanavyochosha.

Nikamwambia Adventina, "Mwanangu, hizi nyasi hazikufa kwa kukatwa. Zimekufa kwa kutokukatwa."

Hakubisha. Aliangalia nyuma kwanza, kama aliyeogopa kusikika. "Mwalimu, najua. Tulifundishwa. Lakini tulipofungua, watu walikuja na visu wakabandua magome ya miti ya dawa mpaka mingine ikafa. Kamati ikasema kila mahali liwekwe bango: usikate. Nikisema huku kukatwe, nitaonekana najichanganya. Na nani atamwambia mwenyekiti kwamba rweya ameiua kwa kuitunza?"

Wakati huo Jovitha alikuwa ameinama kwenye kona ya chini ya uzio. "Mjomba, njoo uone hapa mbona kijani."

Kweli, dada. Pembeni kabisa, kwa upana wa mlango, eyojwa ilikuwa imesimama mbichi, laini, safi, kama zile za utotoni. Nikashangaa, mpaka nilipoona mbuzi wa jirani, jike jeupe, akija taratibu, akiingiza kichwa kati ya nyaya na kuendelea na kazi yake bila hata kutuangalia. Kila alikofika kwa shingo yake, rweya ilikuwa hai. Alikoshindwa kufika, ilikuwa imekufa.

"Huyu hakusoma bango," akasema Jovitha.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilipoinuka nilikuwa nimeshaamua.

Kamati ya bustani hukutana kwenye banda la wageni, pale langoni. Mwenyekiti ni Mzee Projestus, mfanyabiashara aliyetoka Muleba, anauza bati na misumari. Ni mtu mzuri, mcheshi, ila akishaamua jambo huliona limeshajengwa na kuezekwa.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Tumesikia una kesi ya nyasi."

"Sina kesi. Nina ombi."

"Walimu wote huanza hivyo."

Niliwaeleza. Nilijitahidi kuwa mfupi, na Adventina ananishuhudia kwamba nilijitahidi. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua mikono.

"Mwalimu, nyasi ni nyasi. Huku kwetu zimejaa hadi barabarani. Watu wa harusi wanatafuta mahali pazuri. Sasa bibi harusi na gauni lake nikamweke kwenye yale majani makavu? Si atashika moto kabla ya keki?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana alisema vizuri.

"Za barabarani si hizi, mwenyekiti," nikasema. "Zile zimekuja na magari. Hizi haziuzwi dukani. Ukizing'oa leo, kesho ukizitaka hutapata mbegu hata kwa fedha zako."

"Na unataka niondoe bango la usikate, niweke la kata? Wiki ijayo hatutakuwa na mti hata mmoja. Magome umeyasahau?"

Hapo alikuwa na haki, na nikakubali mbele ya wote. "Sisemi akate kila mtu. Akate mtu anayejulikana, kwa majira yake, mbegu zikishaanguka na kabla ya mvua. Yaani sasa."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Kulikuwa na mama mmoja mjumbe, mtu wa Nyakakika, aliyekuwa kimya muda wote. Akaniangalia kwa huruma iliyochanganyika na kitu kingine.

"Mwalimu wetu, waitu, eyojwa ilikuwa kazi yetu wanawake."

"Na mimi nilifundishwa na mwanamke."

"Na hayo magoti?"

"Yatafika polepole, mama. Hayana safari nyingine."

Mzee Projestus akagonga meza kidogo kwa kidole, kama anayepima unene wa bati. "Haya. Kata. Mvua za vuli zikiisha tunakwenda kuangalia wote, kamati nzima. Tukikuta kijani, inabaki na utapewa bango lako. Tukikuta kama ilivyo leo, naleta pasipalamu kwa gari langu mwenyewe, na wewe utanisaidia kushusha."

"Nitashusha."

Aliniangalia kuona kama natania. Sikuwa natania.

Nje, Adventina alinisindikiza hadi barabarani. "Mwalimu, mashina mengine yameshakufa kabisa. Na vuli ikichelewa je?"

"Tutangoja."

"Nyasi zinangoja. Mwenyekiti hangoji."

"Basi tusikae hapa tukizungumza," nikamwambia.

Tulikata jana na leo. Jovitha alifunga duka, jambo ambalo kwa jinsi ninavyomjua ni sawa na mtu mwingine kuuza shamba. Adventina alikuja na jembe akaving'oa vile vichaka kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na mundu niliounoa mwenyewe, na mkeka wa kupigia magoti. Konzi ya kwanza aliyoshika Jovitha ilitoka na mizizi na udongo, naye akaanguka akakaa. Nilifumba macho nikajiona mimi.

"Mjomba, si ungeniambia kabla?"

"Nimekuambia tangu asubuhi."

"Ulikuwa unaeleza historia ya nyasi. Hukusema shika hapa, kata hapa."

Ni kweli, na nimejifunza. Nikaacha kueleza. Nikapiga magoti karibu naye, nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukashika konzi pamoja, mundu ukapita chini ya ngumi. Baada ya hapo hakung'oa tena hata moja. Mikono yake inafanana na yako kwa namna ambayo sikuwahi kuiona akiwa dukani anakunja vitenge. Ana ile tabia yako ya kuzungusha kiganja mwishoni, ili fungu lilale upande mmoja. Sikumfundisha hilo, dada, na sijui amelitoa wapi. Wewe uliacha kukata kabla hajazaliwa.

Zile za juu, za kijivu, hazikufaa kutandika. Tulizipa jirani kwa matandazo ya migomba yake, ndiye mwenye yule mbuzi. Alikuja kuzichukua akiwa na maneno yake.

"Mbuzi wangu alianza hii kazi kabla yenu, na hamkumpa hata asante."

"Tumemwachia kona yake," Jovitha akamjibu. "Tena mwambie asivuke mpaka."

Chini, upande wa ile kona, tulipata eyojwa nzuri, mizigo michache tu. Niliitikisa kichwa chini mpaka mbegu za mwisho zikaanguka juu ya ule mkeka wangu. Halafu nikakumbuka sheria yako, kwamba eyojwa iliyokatwa leo itandikwe leo, isichelewe ikavunjika vunjika. Itandikwe wapi? Nyumba ya Jovitha ina vigae. Tukaangaliana, kisha tukatazama banda la wageni, lenye sakafu ya saruji. Adventina akasema, "Funguo ninazo." Tukasogeza meza na viti nje. Nilianzia ukuta wa nyuma nikirudi kinyumenyume, Jovitha ananipa, mimi nalaza, Adventina anasawazisha. Harufu ilipopanda ilinibidi nisimame kidogo, nikajifanya ni mgongo.

Tulikuwa tunamaliza alipofika Mzee Projestus. Alikuja na utepe wa kupimia, maana alitaka kujua pasipalamu ya kutosha ni kiasi gani. Alifika mlangoni akasimama. Aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, akaviweka nje pembeni, soksi akaziingiza ndani ya viatu, akaingia. Alitembea hadi kwenye kona, akakaa chini na suruali yake ya kazi, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.

Nje alikuwa anasikika yule mbuzi.

"Mama alikuwa anatandika hivi Noeli," akasema hatimaye, akiwa anaangalia vidole vyake vya miguu. "Tuligombania upande wa ukutani, sisi watoto. Aliyelala katikati alikanyagwa na kila anayetoka kukojoa."

"Wewe ulilala wapi, mwenyekiti?" akauliza Jovitha.

"Katikati. Nilikuwa mdogo wa mwisho."

Akapapasa nyasi kwa kiganja kwenda mbele na kurudi. Kisha akainuka, akajikung'uta, akatoka akavaa viatu vyake. Nilidhani atasema jambo la kunifurahisha. Alinitazama usoni.

"Muda ni ule ule, mwalimu. Vuli ikiisha tunaangalia."

"Sijaomba uongezwe."

"Vizuri." Akaenda hatua chache, akageuka kwa Adventina. "Hizi msizitoe. Kuna watu wa harusi Jumamosi. Waache wazione."

Alisahau utepe wake juu ya meza huko nje, na hakurudi kuufuata.

Hapo ndipo tulipofika, dada. Sitaki kukudanganya kwamba nimeshinda. Nimeangalia visiki vyote kimoja kimoja, na kuna sehemu katikati ambako sijaona hata dalili ya uhai. Inawezekana tulichelewa. Lakini nimejipangia. Nitakwenda pale kila wiki kwa miguu yangu, mvua inyeshe isinyeshe, nitang'oa kila kichaka kitakachojaribu kurudi, na pale ambapo mashina yamekufa nitamwaga zile mbegu tulizotikisa. Tukikuta kijani, mwakani nitaomba ruhusa ya kumleta kila mwalimu wa wilaya hii na wanafunzi wake, wapige magoti wenyewe. Tukikuta kijivu, nitashusha pasipalamu ya Mzee Projestus kama nilivyoahidi, kwa mikono hii hii, kisha kesho yake nitapanda gari hadi Nyakakika. Yule mama mjumbe ameniambia huko kuna vipande vya rweya ambavyo havijapandwa mikaratusi bado. Nitazungumza na wenye ardhi, nikibahatika nitapata wasiochoka kusikiliza.

Nimekukumbuka wiki hii kuliko siku zote tangu uondoke, na si kwa huzuni. Nilizoea kukukumbuka kama mtu anavyokumbuka chumba kilichofungwa. Sasa nakukumbuka kwa mabega na vidole, navyo vinauma.

Jovitha ametoka sasa hivi ndani na chai, akaona naandika.

"Unamwandikia nani?"

"Mama yako."

Alikaa chini kwenye ngazi. Akajitazama yale malengelenge ya viganjani. "Mwambie nilikata mzigo mkubwa kuliko wako."

Ni kweli, dada, ni mkubwa kuliko wangu. Ila haukufungwa vizuri, na hilo nalo nimemwambia.

"Mwambie pia mwakani nitakata mwenyewe," akasema. "Wewe mjomba utakaa kwenye kiti."

Nimemjibu kwamba nitakaa. Lakini kiti kitawekwa ndani ya uzio.

Pumzika, dada. Huku bado kuna kazi, na wenye kuifanya wapo.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa Jovitha